Maketi Iliyosimama kwa Gundi ya Muhogo

Majina sitaandika. Wengine wamekufa, wengine wana watoto wasio na kosa, na mmoja njo mimi mwenyewe. Lakini kazi zao nitazitaja, na kila aliyekaa Kindu miaka ile ya Zaire atajua ninamsema nani: mwalimu wa atelie, mwanafunzi wa meza ya dirishani, mkuu wa gare, na yule mtu wa chama aliyevaa alama ya mwenge kifuani hata akienda kuoga mtoni. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kuume ulibaki na vidole viwili. Msomaji avumilie.

Nilikuwa fundi wa mbao katika karakana ya reli. Shule niliacha darasa la tano la primeri, baba alipokufa, na kazi nilijifunza kwa kushika ubao wakati mwingine anakata. Plan, yaani mchoro wa kujengea, sikujua kuisoma. Sisi tulitengeneza viti vya mabehewa na milango ya maghala, na kipimo kilikuwa kile kile kilichokuwa pale zamani.

Asubuhi moja mkuu wa gare alinituma kwenye hanga la zamani la mizigo, lililo nyuma ya gare yetu ya treni. Alisema kuna wageni kutoka mji mkuu, wanafunzi wa kuchora majumba, wanataka mtu anayeweza kukata mbao ndogo ndogo. Nilifikiri ni kazi ya siku moja. Ilikuwa ya miezi mitatu, na mpaka leo haijaisha.

Walikuwa wanafunzi wanane, wa mwaka wa tatu katika chuo chao, pamoja na mwalimu mmoja, mtu mwembamba aliyevaa abakosti ya kijivu iliyofungwa mpaka shingoni, joto liwe vipi. Walikuja kufanya kitu walichokiita atelie. Mimi shule ninayoijua ni mwalimu mbele, ubao mweusi, watoto wanaitikia pamoja. Pale ubao haukuwepo. Kila mwanafunzi alikuwa na meza yake, na wote walipewa swali moja: kuchora kivuli, yaani banda la wazi la kujikinga jua na mvua, cha abiria wanaongojea treni ya Kibombo. Maana wakati ule treni ilikuja ilipotaka. Watu walikaa siku mbili juani kando ya reli, na magunia yao ya mpunga, na kuku, na watoto. Serikali ya mkoa ilikubali kwamba mchoro utakaoshinda utajengwa kweli, kwa mbao na mabati, na wanafunzi wenyewe watashika nyundo.

Wale wanane walichora, wakafuta, wakachora tena. Hawakufichana. Mmoja alisimama nyuma ya mwenzake akamwambia paa lako linafanana na kofia ya padri, na yule hakukasirika, alichukua wembe akakwangua wino. Mwalimu alipita meza kwa meza. Hiyo waliiita koreksio, na nilikuja kujua kwamba waliiogopa kuliko malaria. Alikaa kwenye kiti chako, wewe ukasimama kama uko mbele ya hakimu. Akaweka karatasi inayopitisha mwanga juu ya mchoro wako, akachora juu yake kwa penseli nyekundu, polepole, bila kusema kwamba umekosa. Aliuliza tu. Mtu anayengojea, anaangalia wapi? Mvua ikitoka upande wa mto, mama mwenye mtoto mgongoni atasogea wapi? Msichana pekee aliyekuwa kati yao alilia siku ya kwanza, siku ya pili akabishana, siku ya tatu mwalimu alimpita bila kukaa, na hiyo, waliniambia, ilikuwa sifa.

Nitasema ukweli ambao utaonekana ajabu kwa mtu mwenye uchungu kama mimi: nilipenda mahali pale. Nilikaa kwenye kona yangu nikikata vijiti, nikasikia yote. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza maketi, yaani nyumba ndogo ya mfano, ili jengo lionekane kabla ya kujengwa. Nguzo ya mita nne iligeuka kijiti cha sentimita nane. Nilitumia fito za mianzi iliyokauka, mabati nilitengeneza kwa makopo ya maziwa, na gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Gundi ile ikikauka, ukitaka kutenganisha vijiti utavunja kijiti kwanza. Baada ya mwezi nilisoma plan kuliko ninavyosoma barua.

Mwalimu aliliona hilo. Siku moja alisimama kwenye kona yangu, akashika maketi, akaizungusha kwenye mwanga. Aliniambia kwamba chuoni kwao, katika atelie kubwa, mtu wa maketi amezeeka na macho yamemwishia. Wanatafuta mwingine.

"Fundi, juri ikipita muzuri, nitaandika barua. Utakuja kule. Kule hawaangalie diplome, wanaangalia mikono."

Ile barua iliingia tumboni mwangu, ikakaa.

Mlangoni pa hanga alikaa mama mmoja wa Kindu, mtu wa rika la mama yangu, aliyekaanga mikate kwenye karai. Mikate yake ilikuwa ya mviringo, ya moto, na wanafunzi waliokuja na dharau za mji mkuu waliisahau dharau yote siku ya pili. Alinichokoza kila asubuhi. Siku moja nilipita na maketi mkononi nimeifunika kwa kitambaa, akainua kitambaa kwa mwiko wa mafuta.

"Watu wazima munajenga nyumba ya panya," alisema. "Na panya iko wapi?"

Nikamwambia panya watakuja, ni abiria wa Kibombo.

"Basi uniwekee nafasi yangu. Miye nimechoka na jua, mutoto wangu."

Nilimwambia nitamwekea. Neno hili lazima niliandike, kwa sababu nililisema.

Sasa nifike kwenye kosa. Mwanafunzi wa meza ya dirishani ndiye aliyekuwa na mchoro mzuri kuliko wote. Kijana wa maneno machache, mwana wa mkubwa fulani, viatu vyake havikushika udongo. Alichora kivuli chenye nguzo kumi nyembamba na ndefu, safu mbili za tano, na paa moja pana lililoinuka upande wa mto kama ukurasa unaofunguliwa. Ukiiangalia ulitamani kwenda safari. Nilipotengeneza maketi yake niliweka mishazari bila kuulizwa. Mshazari ni ule mti mfupi unaopigwa kwa kuinama kati ya nguzo na boriti ya juu, ili pembe isichezecheze. Fundi wa mbao haulizi kuhusu mshazari, kama mpishi asivyouliza kuhusu chumvi. Niliweka ishirini, miwili kila nguzo.

Siku mbili kabla ya juri, lile baraza la kuhukumu michoro, mwalimu alikuja kwa koreksio ya mwisho. Alikaa, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na maketi. Halafu akauliza ni nani aliyeweka vitu hivi. Mwanafunzi akaniangalia. Nikasema ni mimi, prof, bila hivi upepo utaisukuma.

Mwalimu hakukasirika. Alinieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Alisema kivuli hiki uzuri wake ni kwamba nguzo zinasimama kama watu wanaongojea, zimenyooka, hazijashika kitu. Mishazari inazifanya ziwe wagonjwa wanaotembelea magongo. Pembe zitashikwa na vyuma: kila pembe kipande cha chuma kilichokunjwa, na bulo nne za kukazwa kwa nati. Alivichora pale pale kwa penseli nyekundu. Karakana ya reli ina wahunzi, watavifua. Na kwa vyuma vile ingesimama kweli, hilo silikatai. Halafu akauvunja mshazari wa kwanza kwa ukucha wa kidole gumba. Ulitoa mlio mdogo, tk. Akavunja wa pili. Akaniachia mingine kumi na minane.

Niliitoa yote. Mwanafunzi alisimama juu yangu akasema madoa ya gundi yamebaki kwenye nguzo, juri itayaona, itafikiri tulibadilisha mawazo. Alinipa wembe wake. Nilikwangua madoa yale moja moja, nikasugua kwa karatasi ya msasa mpaka kijiti kikawa laini kama hakijawahi kuguswa. Kazi ile niliifanya vizuri sana. Ningeifanya vibaya kidogo tu, maisha yangu yangekuwa mengine.

Siku ya juri michoro ilibandikwa ukutani, na maketi nane zikapangwa mezani. Desturi yao ni kwamba mwanafunzi anasimama peke yake mbele ya kazi yake, anaitetea, na wenzake hawaruhusiwi kumsaidia hata kwa jicho. Juri ilikuwa mwalimu, mkuu wa gare, mtu wa chama, na mzee mmoja wa kazi za umma mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimvuruga msichana yule mpaka akanywa maji. Kijana wa dirishani alipofika, alisema maneno yake machache, na mtu wa chama akapenda. Alipenda kwamba paa linainuka. Alisema hii ndiyo Zaire inayosonga mbele. Akanyoosha kidole, akaisukuma maketi kwenye ubavu, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu. Meza ilisogea. Maketi haikutikisika, na watu wakacheka kwa furaha.

Mzee wa kazi za umma peke yake hakucheka. Alinigeukia mimi, niliyesimama ukutani na kopo la gundi.

"Weye fundi. Hizi nguzo zinatosha?"

Mwalimu aliniangalia. Hakunitisha, aliniangalia tu, kama anayengojea kuona mwanafunzi wake atajibu nini. Niliiona barua. Niliiona karatasi yenyewe, na muhuri.

"Plan inasema pembeni kuna vyuma, mzee," nilisema.

Sikusema uongo. Mzee akatikisa kichwa, akaandika kitu, na mchoro ukashinda.

Vyuma vilifuliwa. Niliviona kwa macho yangu kwenye karakana, vipande ishirini vimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, vimepangwa kama mikate. Wiki iliyofuata havikuwepo. Mhunzi alinionyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya mkuu wa gare, na jioni nilipopita pale niliona amejengewa mnara wa tanki la maji, mzuri, pembe zote zimeshikwa kwa vyuma vyekundu. Nilipomwuliza kwa heshima, alisema vyuma vya kivuli vitafuliwa vingine, chuma kiko njiani, kinatoka kusini. Chuma hakikutoka kusini. Mnara ule uko wima mpaka leo, mwenye kutaka aende auone.

Mtu wa chama naye hakutaka kungojea. Kulikuwa na sikukuu, na alitaka kivuli kifunguliwe siku hiyo, na nyimbo na ngoma za kumsifu mkubwa wa nchi. Aliamuru kazi imalizwe kwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ambapo makarani na walimu wa mji mzima walitolewa nje kushika majembe. Fikiria nguzo ya mita nne inainuliwa na makarani wa posta, maana wanafunzi walikuwa wameshaanza kufunga mizigo. Niliwaonyesha, nikapiga misumari, nikatazama pembe zilizo wazi, mahali pa vyuma pamebaki hewa.

Nilimfuata mwalimu. Nilimkuta anafunga sanduku, ndege yao ilikuwa kesho yake. Nilimwambia vyuma hakuna. Nikamwomba ruhusa niweke mishazari, hata mibaya, hata kwa muda, tutaitoa vyuma vikija. Alikaa juu ya sanduku lake. Nafikiri alielewa. Nimemfikiria sana mtu huyu, na nafikiri kwa dakika moja alielewa yote. Halafu akasema:

"Ukiiweka, haitakuwa plan yetu tena. Na kijana njo kwa plan hii anapata pointi zake. Piga misumari mingi, vyuma vitakuja."

Nikamwuliza habari ya barua. Alisema ataandika akifika.

Nilimwendea mwanafunzi pia. Nilifikiri labda yeye, jengo ni lake, ataogopa. Alikuwa anakunja michoro yake ndani ya mrija. Hakuacha kukunja.

"Maketi ilisimama bila chuma, yaya," alisema, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. "Yule mukubwa aliisukuma mbele ya watu wote. Uliona."

Niliona. Ile ndiyo hekima aliyotoka nayo katika atelie. Miezi mitatu ya kuulizwa mvua inatoka wapi na mama atasogea wapi, na mwisho aliamini kitu kidogo kilichoshikwa na muhogo. Sikumwambia kwamba gundi haijui upepo. Nilisema sawa.

Siku ya sikukuu walicheza chini ya kivuli, na vumbi likapanda mpaka kwenye mabati, na jengo lilikuwa zuri kweli. Watu kutoka Kampene waliokuja kupanda treni walisimama wakiangalia juu. Nami nilisimama nyuma ya watu nikiangalia pembe.

Kuanzia hapo nilianza kuishi vibaya. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikwenda na timazi, ile kamba yenye risasi chini, nikaitundika kwenye nguzo ya tatu upande wa mto. Wiki ya kwanza kamba ilikaa sawa na nguzo. Mwezi uliofuata chini palikuwa na nafasi ya unene wa kidole. Nikaenda kupima nguzo ya saba, nayo ilikuwa hivyo hivyo, upande ule ule. Zote zilikuwa zinakwenda pamoja, kwa adabu, kama watu kwenye mstari. Misumari ilianza kutoa vichwa. Niliirudisha kwa nyundo, na baada ya siku chache ikatoka tena. Usingizi ulinikimbia, chakula kilinishinda. Upepo ukivuma nilisimama popote nilipo, hata kanisani, nikageuza sikio upande wa gare.

Nilimwambia mkuu wa gare mara moja. Alikuwa anakula. Aliniuliza kama ninataka kusema kwamba kazi ya chama imepinda, kwa sababu kama ninataka kusema hivyo ataita mtu wa chama niseme mbele yake. Nikasema hapana, sitwayen, yaani mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana wakati ule, nilitaka tu kusema misumari. Akasema basi piga misumari.

Kwa siri nilikata mishazari ishirini, ya mti mgumu, ya kipimo chenyewe, nikaiweka chini ya benchi yangu karakanani. Kuikata kulinipa nafuu ya siku tatu. Kila siku nilijiambia leo nitaipiga. Halafu ilikuwa siku ya posta, na nilijiambia wacha barua ije kwanza. Maana nikigusa kivuli, habari itafika kule, kwamba fundi wa Kindu ameitia magongo kazi ya prof. Nilikuwa mtu mwenye dawa mfukoni anayengojea ruhusa ya kumpa mgonjwa. Barua haikuja. Mishazari ilikaa ikashika vumbi.

Na mama wa mikate alihamia chini ya kivuli. Ilikuwa lazima, abiria walikuwa pale. Alichagua nguzo ya tatu.

Nilimwambia akae pembeni, kwenye ncha, karibu na njia ya kutokea. Akauliza kwa nini. Nikasema moshi wa karai lake unaharibu mabati. Alicheka mpaka akashika kiuno, akawaambia abiria:

"Munamuona huyu? Alijenga kivuli, sasa anatunyima. Anataka tukikodi."

Walicheka wote. Nilicheka nao. Kila siku nilibuni sababu nyingine: upepo, wezi, mkaguzi wa usafi. Sababu moja tu, iliyokuwa ya kweli, sikuitoa. Yeye alizoea, akawa ananisubiri kwa hamu asikie leo nitasema nini, na akinipa mkate alisema hii njo kodi yako, papa mwenye nyumba.

Mvua za kwanza zilikuja mchana. Nilikuwa karakanani. Mwanga ulibadilika ukawa wa manjano, halafu nikasikia mabati ya karakana yakivuta pumzi, na nilijua. Nilichukua mishazari minne kwapani na nyundo, nikakimbia. Ninaikumbuka aibu ya kukimbia na mishazari minne. Minne ya nini?

Treni ilikuwa imetangazwa, kwa hiyo watu walikuwa wengi, na kwa sababu mvua ilianza, waliokuwa nje waliingia ndani. Walifanya sawasawa na swali la mwalimu: mama mwenye mtoto alisogea ndani kabisa, mbali na mto, pale penseli nyekundu ilipomwonyesha. Nilipiga kelele watoke. Nani anatoka kwenye kivuli wakati wa mvua? Waliniangalia kama mlevi. Upepo ukaingia chini ya lile paa lililoinuka kama ukurasa, na nguzo zote kumi zikainama pamoja, polepole, zikasimama kidogo, muda wa kutosha watu kuelewa. Wengi walitoka hapo. Nilisukuma nguzo ya tatu kwa bega na mikono miwili, mtu mmoja kushindana na paa zima. Boriti ilitoka kwenye misumari ikaja juu ya mkono wangu, na ncha yake nyingine ikamshika mama wa mikate kwenye nyonga, alipokuwa ameinama kuokoa karai.

Hakuna aliyekufa. Watu wa chama walilisema sana neno hili baadaye, kama wao ndio waliozuia.

Uchunguzi ulifanyika kwenye chumba cha mkuu wa gare. Nilifika na mkono umefungwa. Mezani waliweka maketi. Ilikuwa imekaa miezi yote ile juu ya kabati lake kama pambo, na ilikuwa safi, bila ufa. Yule mzee wa kazi za umma mwenye miwani ya uzi hakuwepo, walisema amehamishwa. Mtu wa chama aliisukuma kwa kidole kama siku ya juri. Ilisimama. Akasema, na karani akaandika, kwamba mchoro ni mzuri, kila mtu anaona, kwa hiyo kosa ni la aliyejenga.

Hapo nilisema. Nilichelewa, lakini nilisema: palikuwa na mishazari ishirini, prof aliitoa kwa mkono wake, nguzo zilitakiwa vyuma, na vyuma viko kwenye tanki la sitwayen huyu hapa. Mkuu wa gare alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Alisema tanki lake ni la mwaka juzi. Mtu wa chama akachukua maketi, akaipeleka dirishani, akaangalia pembe moja moja. Halafu akanishikia mbele ya uso.

"Mishazari ilikuwa wapi? Nionyeshe alama."

Niliangalia. Nilikwangua mwenyewe. Kijiti kilikuwa laini.

Nilikaa kasho, yaani jela, majuma kadhaa. Yale yaliyofanywa humo sitayaandika, si kwa aibu yangu bali kwa aibu yao. Nilipotoka, reli haikunitaka tena. Mwanafunzi, nilisikia, alimaliza masomo kwa sifa na picha ya kivuli ilikuwa katika kitabu chake cha mwisho, ile picha ya siku ya sikukuu, aliyotumiwa kutoka Kindu. Mwalimu hakuandika. Hata kuniambia pole hakuandika.

Siku niliyotoka kasho nilipita gare. Mabati yalikuwa yameshachukuliwa. Mama wa mikate alikuwa amerudi mlangoni pa hanga, ameketi juu ya godoro la magunia, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama si wake. Fimbo ilikuwa kando. Kukimbia sikuweza, alikuwa ameniona.

Aliangalia mkono wangu, nami niliangalia mguu wake. Alisema habari imezunguka mji mzima, kwamba kosa ni la fundi. Halafu akauliza, bila chuki, kama mtu anayeuliza bei:

"Njo kweli? Haukujua kazi?"

Nilikuwa nimekaa majuma yale nikipanga maneno. Mwalimu, mwanafunzi, mkuu wa gare, mtu wa chama, nilikuwa nao wote mdomoni, kwa mpangilio. Lakini nikiwataja wao, ningefika kwa timazi. Ningefika kwenye unene wa kidole, na mishazari iliyokuwa chini ya benchi, na moshi, na wezi, na mkaguzi wa usafi. Angejua nilikuwa ninapima kila asubuhi, halafu ninakuja kula mkate wake.

"Njo kweli, mama," nilisema. "Sikujua kazi. Misumari ilikuwa mifupi."

Aliniangalia kidogo. Akasema kila mtu anakosa, mtoto wangu, hata mimi siku nyingine chumvi inanishinda. Akachukua mkate kutoka karaini, akaupuliza upoe, akauweka kwenye mkono wangu wa kushoto.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, pale pale mlangoni, na nilipita kila siku, lakini habari ya timazi sikumwambia kamwe. Mkate ule wa siku ile niliula nimesimama mbele yake, wote, kwa sababu alikuwa anangojea nimalize.